Nyaya za tangi la samaki zisiwe mtego kwa anayelisafisha

TANGI la kioo la kufugia samaki wa mapambo limekuwa jambo la kawaida mijini. Utalikuta sebuleni katika nyumba za kupanga, kwenye mapokezi ya hoteli, katika saluni, na hata katika vyumba vya kungojea daktari. Ni kitu cha kupendeza. Mgonjwa aliyeingia na wasiwasi huketi, akawatazama samaki wakipita chini ya taa, na kwa dakika chache akasahau kilichomleta.

Sina ugomvi na samaki. Ugomvi wangu ni na kile kilichoko nyuma ya tangi. Taa ina waya wake, pampu ya hewa ina wake, kichujio cha maji kina wake, na kwa sisi tunaoishi Nairobi na nyanda za juu, kuna pia hita ya kupasha maji joto nyakati za baridi. Hizo ni nyaya nne zinazotoka penye maji na kwenda penye stima, katika eneo lisilozidi urefu wa mkono. Na kwa kuwa nyaya hazipendezi machoni, mwenye nyumba hutafuta namna ya kuzificha kabla wageni hawajafika.

Maoni yangu ni haya: nyaya nyingi za matangi ya samaki zimepangwa kwa ajili ya macho ya mgeni, ilhali zilistahili kupangwa kwa ajili ya mkono wa anayelisafisha tangi. Mgeni hutazama tu. Anayesafisha ndiye anayetumbukiza mkono majini, naye amesimama juu ya sakafu aliyoipiga deki muda mfupi uliopita. Tena aghalabu mtu huyo si yule aliyelinunua tangi, wala si yule aliyeelezwa na muuzaji namna ya kulitumia. Ni yaya, ni mfagizi wa ofisi, ni mtoto aliyetumwa na mamake Jumamosi asubuhi.

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nyuma ya tangi linalong'aa mara nyingi kuna ekstensheni iliyolala sakafuni, nyaya zimesokotwa pamoja na kufungwa kwa tepu, na pazia limevutwa juu yake ili fujo hiyo isionekane.

Maji hubadili hesabu

Huenda ukaniambia, "Lakini daktari, hiyo ni taa ndogo ya wati 20 tu. Itamfanya nini mtu?" Swali hilo linastahili jibu.

Stima inayoingia nyumbani kwako ni ya volti 240. Kinachomdhuru mtu ni mkondo unaopita mwilini mwake, nao hupimwa kwa miliampea, yaani sehemu moja ya elfu ya ampea. Taa ya wati 20 hutumia takriban miliampea 83. Lakini hiyo ni hesabu ya taa inayowaka salama. Ukigusa waya uliochubuka, udogo wa taa haukukingi tena. Kinachoamua ni kiasi cha mkondo ambacho mwili wako utaruhusu kipite, na hapo ndipo maji yanapoibadili hesabu.

Ngozi kavu iliyo ngumu huuzuia mkondo. Ukinzani wake waweza kufika omu 100,000, na kwa volti 240 zitapita kama miliampea mbili na nusu. Utashtuka, utauvuta mkono na pengine utalaani, kisha utaendelea na shughuli zako. Ngozi iliyolowa ni jambo tofauti. Ukinzani waweza kushuka hadi omu 1,000 hivi, na kwa volti zile zile zitapita miliampea 240. Mtu ni yule yule, waya ni ule ule, lakini mkondo umeongezeka mara 100.

Mhandisi wa Kimarekani, Charles Dalziel wa Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, aliwapima watu waliojitolea ili ajue ni mkondo wa kiasi gani humfanya mtu ashindwe kuachilia kitu alichokishika. Alipata wastani wa miliampea 16 kwa wanaume, na kama 10 na nusu kwa wanawake. Zaidi ya hapo misuli ya mkono hukazana, vidole vikafumba juu ya waya, na mtu akabaki amenata hata kama akili yake yamwambia aachilie. Miliampea 50 hadi 100 zikipita kifuani kwa muda wa sekunde moja hivi, zaweza kuuvuruga mpigo wa moyo. Moyo hautulii kabisa wala hausukumi damu. Hutetemeka tu bila mpango. Ubongo usipopata damu kwa dakika chache huanza kuharibika.

Sasa itazame fyuzi iliyo ndani ya plagi yako. Imeandikwa 3, 5 au 13, yaani ampea. Fyuzi ya ampea 13 haitakatika kwa miliampea 240, wala kwa elfu moja, kwa sababu yenyewe huvumilia elfu 13. Kazi yake ni kuukinga waya usishike moto. Haikuwekwa kumkinga mtu. Wengi wetu tumelala usingizi mnono tukidhani fyuzi inatulinda, kumbe inaulinda waya.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni samaki wenyewe. Mtu husema, "Kama maji yangekuwa na stima, samaki wangekufa." Sivyo. Tangi ni la kioo, na kioo hakipitishi stima. Maji yote yakiwa na volti sawa na hakuna njia ya kutokea, samaki huogelea bila habari, mithili ya ndege aliyetua juu ya waya wa barabarani. Njia hufunguka pale mtu aliyekanyaga sakafu yenye maji anapotumbukiza mkono. Yeye ndiye anayekuwa daraja la kwenda ardhini. Kwa hivyo samaki kucheza vizuri si ushahidi wa usalama.

Swali ambalo hakuna aliyeliuliza

Nilimhudumia wakati mmoja msichana wa miaka 20 na ushei, msaidizi wa nyumbani katika mtaa mmoja wa Nairobi. Alikuja na vidole viwili vilivyoungua na mkono uliokuwa ukimwasha kama uliochomwa na pilipili. Bahati ilikuwa upande wake: alitupwa nyuma badala ya kunata, na kipimo cha moyo kilikuwa sawa.

Nilimwuliza kwa nini hakuizima stima kabla ya kuosha kioo. Akaniambia, "Daktari, soketi iko nyuma ya kabati. Tangu niajiriwe sijawahi kuiona. Mama aliniambia tu nisiguse taa, samaki watashtuka."

Hakuna uzembe katika jibu hilo. Ameelezwa habari za samaki, wala hakuelezwa habari zake mwenyewe. Soketi ilifichwa kwa ustadi hivi kwamba hata aliyetakiwa kuizima hakuifahamu. Unadhifu wa aina hiyo ndio ninaoupinga. Waya uliofichwa hauonekani ukichubuka, hauonekani ukilowa, na saa ya hatari hakuna ajuaye pa kuuzimia.

Namna ya kuzipanga

Simwambii mtu aziache nyaya zikining'inia ovyo. Nyaya zilizotapakaa nazo ni hatari: mtu hujikwaa, mtoto huvuta, paka hutafuna. Nasema zipangwe kwa kufuata tabia ya maji, kisha ndipo zipendeze. Kazi hii huchukua muda wa alasiri moja.

Kwanza, zima kila kitu na uchomoe plagi zote. Usitosheke na kubofya swichi. Katika nyumba ambazo fundi alikosea kuunganisha, swichi yaweza kukata waya usiofaa na kuuacha ule wenye nguvu ukiwa hai. Plagi iliyo mkononi mwako ndiyo dhamana ya kweli. Ikiwa una hita, ipe muda wa nusu saa ipoe kabla ya kupunguza maji, maana kioo chake hupasuka kikitoka majini kikiwa na joto.

Pili, fuata kila waya kwa vidole vyako, kutoka kwenye kifaa hadi kwenye plagi. Tafuta palipochubuka, palipokauka na kupasuka, palipobanwa na mguu wa meza, palipounganishwa kwa kusokota na tepu. Kiungo cha tepu hakina nafasi karibu na maji. Tepu huachia kwa unyevu, na pwani chumvi ya hewani huharakisha mambo. Waya mbovu haufichwi, hubadilishwa. Bandika karatasi ndogo kwenye kila plagi: taa, pampu, kichujio, hita.

Tatu, na hili ndilo muhimu kupita yote, kila waya uwe na kitanzi cha kudondoshea maji. Maji hufuata waya kama siafu wafuatavyo njia yao. Tone likitoka kwenye taa au likirushwa na pampu, hushika waya na kuteremka nao. Waya ukiteremka moja kwa moja hadi kwenye soketi, tone nalo hufika huko. Basi uache waya ushuke chini kupita kimo cha soketi, kisha upande tena kuiendea plagi. Tone litafika mahali pa chini kabisa pa kitanzi na kudondoka sakafuni. Halipandi. Kinga hii haigharimu hata shilingi moja, lakini ndiyo ya kwanza kuharibiwa na anayetaka nyaya zinyooke.

Nne, iondoe ekstensheni sakafuni. Ikilala chini, hakuna kitanzi kiwezacho kutengenezwa, na ndoo ikimwagika yote yamekwisha. Ikaze kwa skrubu kwenye ukuta au ubavuni mwa meza ya tangi, juu ya kimo cha vitanzi. Isiwe chini ya tangi, kwa sababu tangi likivuja maji huanguka wima. Matundu yake yatazame pembeni, yasitazame juu. Na iwe mahali ambapo mtu mfupi kuliko wewe aweza kuifikia bila kupitisha mkono juu ya maji.

Tano, urefu wa waya uliozidi usiukunje kwa kuubana. Ulaze kwa mikunjo mipana, na uufunge kwa mkanda wa kitambaa unaonata na kubanduka. Kamba za plastiki zikikazwa sana hukata ganda la waya polepole. Misumari na pini za stepla ni marufuku. Moja ikipotoka hutoboa hadi ndani. Zulia nalo si mahali pa kupitisha waya, kwa kuwa hukanyagwa kila siku na joto lake halina pa kutokea.

Hapo kuna jambo la kuongeza. Taa ya tangi haitumii stima nyingi, na waya wake uliokunjwa hautapata moto wa kutisha. Lakini ekstensheni ni ya wote. Leo ina taa na pampu, kesho mtu anachomeka pasi au birika la stima. Ekstensheni ya ampea 13 huhimili wati 3,000 na kidogo kwa vyote vilivyochomekwa pamoja. Pasi na birika kwa pamoja zaweza kuupita mzigo huo. Ekstensheni ya tangi iachiwe tangi.

Sita, taa yenyewe ishikizwe vizuri kwenye ukingo wa kioo, na pawe na kifuniko kati yake na maji. Taa nyingi za kisasa za LED hutumia volti 12 au 24 kupitia adapta ndogo. Hizo ni salama zaidi, nami nazipendekeza kwa anayenunua leo, mradi adapta ikae pakavu. Kumbuka kwamba upande mmoja wa adapta bado una volti 240. Taa yenye kifuniko cha chuma sharti iwe na waya wa ardhi, ule wa rangi ya kijani na manjano.

Hatimaye, nataka kuitaja desturi moja tuliyoizoea. Taa nyingi zinazoletwa kutoka nje huwa na plagi ya pini mbili, nasi soketi zetu ni za pini tatu. Mtu huchukua kalamu au kijiti, akakisukuma katika tundu la juu ili matundu ya chini yafunguke, kisha akaitia plagi hiyo kwa nguvu. Inashika, lakini kwa kulegea. Inatoa cheche na kupata joto. Isitoshe, mtoto anayetazama amejifunza kwamba soketi hufunguliwa kwa kijiti. Ondoa plagi hiyo. Fundi akuwekee ya pini tatu yenye fyuzi ya ampea 3, ambayo yatosha kabisa kwa taa.

Swichi inayomjali mtu

Nimesema kwamba fyuzi haimkingi mtu. Kipo kifaa kinachomkinga. Ni swichi ya usalama ambayo mafundi huijua kwa herufi RCD. Hulinganisha mkondo unaokwenda na ule unaorudi. Ukipungua kwa miliampea 30, maana yake kuna unaopitia njia isiyo yake, pengine mwilini mwa mtu, nayo hujikata yenyewe kabla ya theluthi moja ya sekunde kwisha. Mvujo ukiwa mkubwa hujikata upesi zaidi. Dalziel niliyemtaja alitumia vipimo vyake kubuni kifaa cha namna hii mwaka 1961.

Si kinga kamili. Mtu akishika nyaya zote mbili kwa pamoja, swichi hiyo yaweza isitambue. Na mshtuko wa muda mfupi utausikia. Lakini kati ya kusikia mshtuko na kutoamka kabisa, mimi najua ningechagua kipi. Swichi hiyo ina kitufe cha majaribio. Kibofye kila baada ya miezi mitatu. Isipojikata, mwite fundi.

Mpangaji ataniuliza, "Nyumba si yangu, nitafanya nini?" Zipo RCD ndogo za kuchomeka kwenye soketi, na utahama nayo. Hata hivyo, sioni ni kwa nini mzigo huo uwe wa mpangaji. Mwenye jumba anayepokea kodi kila mwezi na aliyeweka vigae sakafuni ili nyumba ivutie, anaweza kuweka swichi inayookoa uhai katika kila nyumba. Kazi yenyewe ifanywe na fundi mwenye leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli (EPRA). Omba uione leseni hiyo. Na unaponunua ekstensheni, tafuta alama ya ubora ya KEBS.

Mwajiri naye asijifiche. Hoteli, ofisi, saluni na kliniki yenye tangi ni mahali pa kazi, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe usalama wa wanaofanya kazi kwake. Sisi madaktari tunaoweka samaki ili kuwatuliza wagonjwa tuwe wa kwanza kuchungulia nyuma ya tangi.

Stima ikipotea

Kuna saa moja ninayoihofia kuliko nyingine. Stima imepotea, au tokeni zimekwisha, na mtu anasema, "Vizuri, sasa ndiyo nafasi ya kusafisha tangi." Anatia mikono yote miwili majini bila kuchomoa kitu. Chumba cha pili, mtu mwingine anaingiza nambari za tokeni kwenye mita. Taa inawaka ghafla, pampu inanguruma, na mikono imo majini. Giza si sawa na plagi iliyochomolewa. Ichomoe, hata kama mtaa mzima uko gizani.

Vivyo hivyo, taa ikitumbukia majini, usiikimbilie. Mkono hutaka kuiokoa kabla akili haijafikiri. Rudi nyuma, zima kwenye swichi kuu, chomoa plagi, ndipo uiopoe. Ukisikia maji yanakutekenya au kukuuma vidole, hiyo si baridi wala si mdudu. Toa mkono, zima, na usiitumie taa hiyo tena mpaka fundi aikague.

Mtu akinaswa

Usimguse mtu aliyenata kwenye stima, la sivyo mtakuwa wawili. Zima kwenye swichi kuu. Kama huijui ilipo, hilo ni jambo la kulitafuta leo kabla hujalala. Ikishindikana kabisa kuzima, simama juu ya kitu kikavu na umsukume kwa kijiti kikavu cha ufagio au kiti cha plastiki.

Akiwa hazinduki na hapumui ipasavyo, mwite mtu apige simu ya dharura, 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu. Wewe anza kumkandamiza kifua bila kungoja. Weka viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, usukume chini kwa sentimita tano hadi sita, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kama umefunzwa, mpulizie pumzi mbili kila baada ya kukandamiza mara 30. Kama hujafunzwa, endelea kukandamiza tu.

Utaratibu huu una uhusiano wa damu na stima. William Kouwenhoven wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, hakuwa daktari. Alikuwa mhandisi wa stima aliyeanza kuuchunguza moyo kwa sababu mafundi wa nyaya walikuwa wakifa kazini. Mwaka 1960 yeye na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba kifua kikikandamizwa kwa nje, damu huendelea kutembea mwilini. Mtu aliyepigwa na stima mara nyingi alikuwa mzima dakika moja iliyopita. Moyo wake waweza kurudi, mradi usikate tamaa mapema.

Aliye na fahamu na ameungua, mwagilie jeraha maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, stima ikiwa imeshazimwa. Usimpake dawa ya meno, mafuta wala unga. Jeraha la stima hudanganya: juu huwa alama ndogo kama ya sigara, ndani misuli imeungua. Apelekwe hospitalini upesi aliyezimia, aliye na maumivu ya kifua, moyo unaodunda vibaya, ganzi au jeraha la moto, mama mjamzito, na mtoto. Mkojo ukigeuka rangi ya chai nzito au soda nyeusi, hiyo ni dharura; misuli iliyoungua inazidhuru figo. Aliyeshtuka kidogo, hana dalili yoyote na kipimo chake cha moyo ni sawa, kwa kawaida huruhusiwa kwenda nyumbani.

Wenye watoto wachanga wasikie hili pia. Mtoto akitafuna waya huungua pembe ya mdomo. Jeraha huonekana kama linapona, kisha gaga hubanduka baada ya siku tano hadi kumi na nne na mshipa wa damu wa mdomo ukafunguka. Usimfungie nyumbani ukisubiri. Mlete mapema, na ukimwona anatoka damu ubane mdomo huo kwa vidole, ndani na nje, huku mkielekea hospitalini.

Jioni hii

Najua kuna atakayesema kwamba tangi lake limekaa miaka mitano bila ajali. Nami namjibu kwamba ganda la waya huzeeka kila siku, na tone la maji lahitaji kuipata njia mara moja tu.

Basi jioni hii, kabla ya taarifa ya habari, livute pazia lililo nyuma ya tangi lako. Tazama ekstensheni iko wapi. Tazama kama kila waya una kitanzi chake. Kisha mwite yule anayelisafisha, umwite kwa jina lake, na umwonyeshe plagi ya taa ni ipi, swichi kuu iko wapi, na umwambie waziwazi kwamba ana ruhusa ya kuzima kila kitu kabla ya kulowesha hata kidole kimoja. Samaki hawatadhurika kwa kukaa bila taa muda wa nusu saa.